Dada, simamisha oda ya mifuko: usiandike neno la lishe kabla hujapima

Dada, kabla ya yote mpigie mchapishaji wako umwambie asimamishe kazi. Ukishampata, rudi usome.

Nimeupitia uzi wako wote. Uko Columbus, sambusa zako za kuku zimeshapata jina kwenye harusi na futari, maduka mawili yanataka kuziweka kwenye friza zao, na umepata kiwanda chenye mkaguzi wa serikali cha kukutengenezea. Umeuliza bei ya jumla, gari la friza, jina la biashara, kama unaweza kuendelea kupika nyumbani, na mwisho ukaweka picha ya mfuko ukitaka tukwambie rangi ipi imependeza. Watu wamechangia rangi kurasa mbili. Mimi macho yangu yameishia kwenye yale maneno ya kijani mbele ya mfuko: "Low fat" (mafuta kidogo) na "High protein" (protini nyingi). Nyuma nimetafuta jedwali la lishe, sijaliona. Ukamalizia kwa kusema mshauri wako wa vifungashio amekuhakikishia biashara ndogo hazihitaji jedwali.

Hapo ndipo nilipopata joto, maana sentensi hiyohiyo niliambiwa mimi, karibu kwa maneno yaleyale.

Msamaha huo upo kweli, ndiyo maana unadanganya watu vizuri. Bidhaa za nyama na kuku hapa Marekani ziko chini ya Wizara ya Kilimo, USDA, kupitia idara yake ya ukaguzi inayoitwa FSIS. Kanuni zao za lishe zilitungwa mwaka 1993 zikaanza kazi 1994, na zinamruhusu mzalishaji mdogo asiweke jedwali: awe na wafanyakazi wasiozidi 500, na bidhaa hiyo isizidi pauni 100,000 kwa mwaka, yaani kama kilo 45,000. Wewe na mimi tuko mbali kabisa na hapo. Lakini kanuni haikuishia hapo. Inaendelea kusema msamaha unasimama ikiwa tu lebo haina dai lolote la lishe wala taarifa yoyote ya lishe. Ukiandika mafuta kidogo, msamaha umekufa. Ukiandika gramu 10 za protini, umekufa vilevile. Hata kama ulichoandika ni kweli tupu, umeshajitoa mwenyewe kwenye kundi la waliosamehewa, na sasa unadaiwa jedwali zima, nishati, mafuta, sodiamu, kila kitu, kwa namba unazoweza kuzitetea.

Mshauri wangu alinisomea nusu ya kwanza ya kanuni. Nusu ya pili hakuigusa. Na ngoja niseme wazi kinachoniuma: huyo mtu ndiye huyohuyo aliyekuwa anauza mifuko. Kila neno la kuvutia mbele ya mfuko lilikuwa linamsogeza kwenye oda kubwa zaidi. Nilipomuuliza kama lebo inapaswa kupelekwa kwa FSIS kule Washington kupitishwa kwanza, akanijibu kwa kujiamini kwamba siku hizi lebo nyingi zinapita zenyewe. Na hilo nalo ni kweli nusu. Tangu Januari 2014 lebo nyingi za nyama hazihitaji kutumwa zikaguliwe kabla, zinahesabika zimepitishwa ilimradi zimefuata kanuni. Maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyeitazama lebo yako. Mzigo wote uko kwako na kwa kiwanda. Yeye alinieleza kana kwamba ni ruhusa.

Basi mifuko yangu ya sambusa ikachapwa, mbele ina "Low fat" kama wako. Mizuri, mizito, ya rangi nne, kwa wingi kwa sababu ukichapa kidogo bei ya mfuko mmoja inapanda mno. Sambusa zikafungwa, zikagandishwa, zikapangwa kwenye palati. Mkaguzi wa pale kiwandani ana kazi ya kukagua lebo kama sehemu ya ratiba yake ya kawaida. Akachukua mfuko mmoja, akasoma mbele, akageuza nyuma, akageuza tena mbele. Akauliza jedwali liko wapi. Meneja wa kiwanda akasema sisi ni wadogo, tumesamehewa. Mkaguzi akaweka kidole juu ya lile neno la mafuta. Muda si mrefu palati yangu ilikuwa inaning'inia kitambulisho kilichoandikwa "U.S. Retained", yaani mzigo umezuiwa, na kikishaning'inizwa hicho hakuna mtu wa kuugusa mzigo mpaka wenyewe waseme.

Kiwanda kikaandikiwa kosa kwenye kumbukumbu zake, kwa sababu kisheria kiwanda ndicho kinachotunza rekodi za lebo. Wakanikasirikia mimi, na walikuwa na haki.

Nikasema sawa, tubandike stika juu ya yale maneno. Hapa sikiliza vizuri, maana hakuna atakayekwambia: gundi ya stika ya kawaida haishiki kwenye mfuko uliotoka friza. Mfuko ukitoka tu nje unashika ukungu wa maji, stika inateleza kama sabuni, ukisubiri mfuko ukauke sambusa zinaanza kulainika na manda zinashikana. Huwezi kuziacha zilainike halafu uzigandishe tena kwa raha zako, kiwanda hakikubali, na mteja ataona manda zimepasuka. Ikabidi zifunguliwe mfuko mmoja mmoja ndani ya chumba cha baridi na kuhamishiwa kwenye mifuko mitupu yenye lebo nyeupe ya kawaida, kwa malipo ya saa ya wafanyakazi wa kiwanda. Ile mifuko ya rangi iliyobaki ikaingia kwenye shehena ya taka. Duka lililokuwa linasubiri likajaza nafasi yangu na sambusa za mtu mwingine, na nafasi kwenye friza ya duka ukiipoteza hairudi kwa kuomba.

Unaweza kuniambia: basi niongeze jedwali, niyaache maneno yangu. Haya, tuyapime.

"Low fat" ina maana iliyofungwa kwenye kanuni: gramu 3 za mafuta au pungufu kwa kipimo cha mlo kilichowekwa. Umeandika kwenye uzi wako kwamba unatumia mapaja kwa sababu yana ladha, na unayasaga na ngozi zake. Kidari kisicho na ngozi kina mafuta chini ya gramu 3 kwa kila gramu 100 za nyama mbichi. Paja lenye ngozi lina gramu 15 na zaidi. Halafu umesema zinakaangwa nusu kabla ya kugandishwa, na manda inanyonya mafuta ya kukaangia kuliko hata nyama yenyewe. Watu wengi wetu tunaamini kuku ni mafuta kidogo kwa sababu tunamlinganisha na mbuzi wa kuchoma. Kanuni haimlinganishi na mbuzi, inahesabu gramu.

Namba za lile dai langu la mafuta mshauri alizitoa kwenye intaneti, za kidari cha kuku kibichi kisicho na ngozi, akasema kuku ni kuku. Nilipopeleka sambusa zenyewe maabara, mafuta yalirudi mara kadhaa ya yale. Na FSIS wanapopima hawakusamehi sana: wanachanganya sampuli ya mifuko isiyopungua sita, na kwa vitu kama mafuta, nishati na sodiamu kilichomo hakitakiwi kuzidi ulichoandika kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo kunakili jedwali la kampuni nyingine, kama alivyokushauri mchangiaji mmoja hapo juu, ni kuingia kisimani kwa miguu yako.

"High protein" nayo ina mlango wake. Unatakiwa ufikie asilimia 20 ya kiwango cha siku, ambacho ni gramu 50, yaani gramu 10 kwa kipimo kimoja cha mlo. Na ukishaidai protini, unalazimika kuonyesha asilimia yake iliyosahihishwa kwa ubora wa protini, siyo gramu tupu. Sambusa ni manda, kitunguu na nyama. Inaweza kufika, inaweza isifike. Bila kupima hujui, na mshauri wako naye hajui.

Kuna aliyekwambia ukitoa toleo la nyama ya ng'ombe uandike "lean", yaani nyama isiyo na mafuta mengi, kwa sababu utatumia nyama ya kusaga ya 90/10 (asilimia 90 nyama, 10 mafuta). Asikuponze. Neno hilo peke yake linataka mafuta yawe chini ya gramu 10 kwa gramu 100, mafuta yaliyoshiba (saturated fat) yasizidi gramu 4.5, kolesteroli chini ya miligramu 95. Nyama ya 90/10 ina gramu 10 kamili, imegonga mlangoni lakini haikuingia. Zile asilimia unazoziona kwenye nyama ya kusaga dukani zina ruhusa yake tofauti: asilimia ya nyama isiyo na mafuta lazima ikae pamoja na asilimia ya mafuta, kwa herufi za ukubwa uleule. Hiyo ni ya nyama ya kusaga yenyewe, haihamii kwenye sambusa kwa sababu ndani umeweka nyama hiyo.

Na huyu aliyesema sambusa ni mkate tu, ziko chini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa hiyo tusikutishe na mambo ya nyama: ndugu, sambusa ya viazi iko FDA. Ya samaki iko FDA, isipokuwa ukiijaza kambare, maana kambare tangu 2016 wanakaguliwa na USDA. Ya ng'ombe ikizidi asilimia 3 ya nyama mbichi, au ya kuku ikifika asilimia 2 ya nyama iliyopikwa, imeshahamia USDA. Sambusa gani ya kuku ya mtu mwenye heshima zake ina nyama chini ya hapo?

Kupika nyumbani na kuuzia maduka, jibu ni hapana, kaa na kiwanda chako. Gari la friza wengine watakujibu, mimi nilikodi.

Dada, futa yale maneno mawili ya kijani. Usiweke mengine mahali pake, wala "afya," wala "nyepesi," wala gramu za kitu chochote kwenye kona. Ukitoka kwenye mkutano na mtu anayeuza mifuko akakwambia wateja wa siku hizi wanapenda kuona protini, mwambie akuletee karatasi ya maabara yenye jina la sambusa yako. Mfuko uwe na jina la bidhaa, viungo vyote vikianza na kilicho kizito zaidi mpaka cha mwisho, ngano itajwe wazi kwa sababu ya manda, uzito halisi, anwani, muhuri wa ukaguzi wenye namba ya kiwanda, maelezo ya kuhifadhi kwenye friza, na kama kuku ndani hajaiva kabisa, maelekezo ya usalama wa kupika. Kwa mfuko wa namna hiyo msamaha wako unasimama na unauza kesho.

Baadaye ukiuza vizuri ukaona unataka dai la mbele, peleka sambusa zilizokamilika maabara, zilizokaangwa na kugandishwa kama anavyozinunua mteja, siyo kilo ya kuku mbichi kutoka kwa muuza nyama. Majibu yakirudi ndio umwite mchora lebo, na utamwambia wewe cha kuandika.

Umesema mchapishaji anatengeneza sahani za kuchapia Jumatatu na ukishazilipia hazirudishwi. Leo ni Ijumaa. Akikataa kusimamisha, muulize gharama ya kubadilisha sahani ya rangi ya kijani peke yake, kwa sababu kwenye picha yako maneno yote mawili yako kwenye rangi hiyo. Ukipata jibu lake liweke hapa, na upige picha ya upande wa viungo uiweke pia, niione kabla ya Jumatatu.