Usinunue koili bado

Pole ndugu. Umesema injini ndogo ya petroli, Briggs & Stratton ya marehemu mzee, ya miaka ya 1970, imelala stoo hapo Kisumu muda mrefu, umeweka plagi mpya na bado haitoi cheche. Koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, mara nyingi husingiziwa bure.

Chomoa kwanza ule waya mwembamba wa kuzimia unaotoka kwenye koili. Gusisha plagi kwenye chuma cha injini, kivulini na mbali na petroli, kisha vuta kamba. Cheche ikija, waya ulikuwa umechubuka na unagusa bodi.

Isipokuja, shida nadhani iko kwenye pointi, vile vichuma viwili vinavyofungua na kufunga umeme wa koili, chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka ukivuta kamba. Toa flaiwili kwa pula (kifaa cha kuing'olea), si nyundo, maana mapezi yake huvunjika upesi. Yangu hapa Nakuru nilipoifungua, pointi zilionekana safi kabisa. Nikapitisha karatasi nyeupe katikati yake, ikatoka na mstari wa kijivu. Utando huo tu unatosha kuzuia umeme, na unyevu wa ziwa huuzidisha. Sugua kwa msasa laini sana, rudia karatasi mpaka itoke nyeupe, kisha weka pengo la milimita 0.5 pointi zikiwa zimefunguka kabisa. Kati ya koili na flaiwili acha kama milimita 0.25. Pengo la plagi, milimita 0.75.

Kondensa, kile kifaa kidogo kinachozuia pointi zisiungue, badilisha tu, ni bei ndogo.

Tafadhali usiiuze kwa wa vyuma chakavu. Injini hizo zinafufuka. Anza na ule waya, uniambie umeona nini.