“Hajapona kabisa”: neno “completely” linapokanushwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msaidizi wa mwongoza watalii hapa Moshi. Mgeni wetu mmoja anayetaka kupanda Kilimanjaro amekuja na karatasi ya daktari kuhusu kifua chake, imeandikwa “He has not completely recovered.” Nikamtafsiria mkuu wa msafara: “Hajapona kabisa.” Akaniuliza, “Sasa mtu hajapona kabisa, mbona jana kazunguka mji mzima kwa miguu?” Nilikosea wapi? “Completely” si ndiyo “kabisa”?

JIBU: Marahaba. Neno umelipatia, kilichokuponyoka ni ukanushi.

“Completely” asili yake ni Kilatini, kutoka kitenzi chenye maana ya kujaza. Basi lishike kwa debe la mahindi pale soko la Kilombero, huku kwetu Arusha. Muuzaji anamimina, anatikisa, anamimina tena mpaka punje zinaanza kumwagika mdomoni. Hapo ni “completely full”, limejaa pomoni. Likipungua vidole viwili, Mwingereza atasema “not completely full”. Anachokataa ni vile vidole viwili tu. Mahindi yamo, tena mengi.

Sisi tukiweka “kabisa” baada ya kitenzi kilichokanushwa, mara nyingi tunamwaga debe zima. “Sina hela kabisa” ni mfuko mtupu. “Simjui kabisa” ni mtu ambaye hata sura yake hujawahi kuiona. Ndiyo maana mkuu wako alisikia mgonjwa aliye vilevile kama siku ya kwanza, wakati daktari alisema nafuu ipo, ila kuna kilichobaki.

Ni kweli “hajapona kabisa” huweza kubeba maana zote mbili, na mtu akikuambia ana kwa ana, sauti itakusaidia. Karatasi haina sauti. Na hapa tunazungumzia mlima wa mita 5,895, ambako kileleni kila pumzi inaingiza takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata usawa wa bahari. Kwenye jambo la kifua nisingethubutu kuacha sentensi yenye njia mbili. Ningeandika: “Amepata nafuu, lakini bado hajamaliza kupona.”

Kosa hili lina upande wa pili, nao nausikia sana darasani: “I don't have money completely.” Mgeni anabaki anakutazama. Kwenye ukanushi, “kabisa” yetu kwa Kiingereza ni “at all”: “I don't have any money at all.” Sentensi isipokanushwa hakuna shida, “I completely forgot” ni nimesahau kabisa, basi.

Kuhusu mgeni wenu, kabla hamjafika getini, mwombeni amuulize daktari wake swali moja: hicho ambacho bado hakijapona ni nini?