Idi ya Kwanza Dodoma: Anza Kujiandaa Kumi la Mwisho

Wengi tuliohamia Dodoma kikazi tuna tabia moja. Ramadhani tunafunga hapa, Idi tunakimbilia kwetu. Ikifika ishirini na saba ya mfungo, kituo cha mabasi cha Nzuguni na stesheni ya SGR zinafurika watu, mabegi na watoto. Mimi ni mtu wa Tanga, hamu hiyo naijua. Ila upo mwaka ambao kazini watakunyima ruhusa, au nauli ya watu watano itakushinda, na Idi itakukuta Ilazo au Nkuhungu kwenye nyumba ya kupanga, hata jina la jirani hulijui.

Nimeshakula Idi hapa miaka kadhaa, na ushauri wangu wote unarudi kwenye jambo moja: Idi ya mgeni Dodoma hutengenezwa kumi la mwisho, zile siku kumi za kumalizia mfungo. Ukisubiri mwezi uandame ndipo uulize sikukuu iko wapi, utakula pilau yako mbele ya televisheni.

Anza na msikiti. Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, ni mkubwa na unapendeza, nenda ukaswali Ijumaa. Lakini tarawehe, zile swala za usiku wa Ramadhani, swali kwenye msikiti wa mtaani kwako, hata kama ni wa mabati na feni haizunguki. Kwetu pwani huhitaji kujitambulisha, watu wanajua wewe ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Hapa nusu ya safu ni watumishi waliohamishwa, wanafunzi wa chuo na wafanyabiashara wa Kirangi waliotoka Kondoa, na hakuna atakayekujua mpaka uonekane. Akina dada, ulizeni mapema kama kuna sehemu ya wanawake, maana misikiti midogo mingine haina, au ina chumba kimoja kinachojaa kabla ya Isha. Pasipokuwa na nafasi, njia nyingine ni futari. Peleka sinia la kaimati au jagi la uji wa pilipili manga Magharibi moja au mbili, na kabla ya mwezi kuisha utakuwa umeshaitwa "mama fulani" na watu wasiojua hata unafanya kazi wapi.

Halafu kuna habari ya mwezi. Kalenda ya ukutani hukupa tarehe ya Idi kwa kukadiria tu, na serikali hutoa mapumziko ya siku mbili yanayofuata mwandamo. Jioni ya mfungo wa ishirini na tisa hakuna anayejua kama kesho ni kufunga au kula mpaka Mufti atangaze. Kwa hiyo usimwahidi mtu yeyote kitu cha "Idi mosi saa nne asubuhi" bila kuongeza "au kesho yake". Na jiandae kwamba katika mtaa huohuo, pengine katika nyumba hiyohiyo, wapo wanaofuata mwezi wa kimataifa, yaani ulioonekana popote duniani, na watakaokula siku moja kabla yako. Nimeshuhudia mashemeji wakinuniana mwezi mzima kwa sababu hiyo. Msimamo wangu: fuata unachokiamini, asiyefunga asile mbele ya anayefunga, na mjadala wa mwezi usifanyike kwenye kundi la familia la WhatsApp. Hauishi kamwe.

Sasa zakatul-fitri, ile zaka ya chakula ya kumalizia mfungo, na hapa ndipo wengi tunaharakisha mambo. Kiasi chake ni pishi moja ya chakula kinacholiwa hapo mlipo kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne. Kwa mchele ukadirie kilo mbili na nusu, na ukizidisha kidogo hujapoteza. Mkuu wa nyumba humtolea kila anayemlisha, hata mtoto aliyezaliwa kabla jua halijazama siku ya mwisho ya mfungo. Familia ya watu watano hapo inahitaji karibu kilo kumi na tatu. Dada wa kazi, ikiwa ni Mwislamu na unamlipa mshahara, kisheria fitri yake si mzigo wako, lakini unaweza kumtolea kwa idhini yake. Muulize kwanza, usimfanyie kimyakimya.

Kuhusu chakula au pesa, madhehebu ya Kishafii ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata yanataka chakula chenyewe. Wahanafi wanaruhusu thamani yake. Kamati nyingi za misikiti hupokea pesa na kuwanunulia walengwa mchele au unga, na hilo ni jepesi kwa mtu wa ofisini. Muhimu ni wakati. Kwa Mashafii inaruhusiwa kuitoa tangu Ramadhani inapoanza, iliyo bora ni asubuhi ya Idi kabla ya swala, na kuichelewesha bila udhuru mpaka siku ya Idi ipite ni dhambi. Fikiria upande wa mpokeaji: mchele ukimfikia saa tano asubuhi, baada ya swala, anaupika saa ngapi, na kwa mboga gani? Ndiyo maana mimi yangu huitoa ishirini na tano au sita ya mfungo. Kamati inapata muda wa kugawa, na yule mjane wa Chang'ombe anapata muda wa kwenda kusaga au kununua mafuta.

Mtu asiye na ndugu hapa huniuliza, nimpe nani? Ndiyo faida ya kuswali mtaani. Imamu anawajua wahitaji kwa majina, anamjua mzee anayekuja swala zote na jioni hana pa kufuturu. Tena usidhani kwa sababu mji huu ni makao makuu basi kila mtu ana mshahara. Pembezoni kuna watu ambao mvua ikikata mapema, uwele wao haufiki hata Idi ya kuchinja.

Zaka ina wenyewe, ambao ni Waislamu mafakiri na masikini. Sahani ya jirani ni jambo jingine, na hiyo haina dini. Dodoma utakuwa na majirani Wakristo pande zote, Wagogo Waanglikana hasa, na Wakatoliki wa kutosha. Wapelekee. Ila kuna kitu ambacho kwetu pwani sikuwahi kukiwaza: mwaka 2025 na 2026 Ramadhani yetu na Kwaresima yao zilikwenda pamoja. Idi ikidondokea Ijumaa ya Kwaresima, jirani Mkatoliki hali nyama siku hiyo. Atapokea pilau yako kwa adabu, kisha atabaki anaitazama. Mpelekee tambi za sukari, visheti au vitumbua, nyama mhifadhie mpaka kesho yake. Mama mmoja wa jirani alinishukuru kwa hilo kuliko alivyowahi kunishukuru kwa pilau, na Pasaka ikanijia soda na keki mlangoni.

Usiku wa kuamkia Idi, jaza maji. Nasema jaza kila chombo, ndoo, madumu, mpaka beseni la kufulia. Kila nyumba ya Kiislamu itaoga josho, itaosha mchele na masufuria asubuhi ileile, na mitaa mingi ya hapa maji ni ya mgao. Nyama mwekee oda mwenye bucha siku mbili kabla na uache pesa kidogo ya uhakika. Mbuzi wa huku ni watamu, usihangaike kutafuta kingine. Viungo nunua sokoni Majengo vikiwa vizima ukasage mwenyewe, maana bizari ya kupimiwa kwenye vifuko huwa na unga mwingi. Na kwa kuwa miaka hii Idi inatuangukia msimu wa mvua, wakati zabibu za huku zipo sokoni, weka kichala mezani. Mgeni kutoka Dar atakisifu kuliko biriani yako.

Asubuhi yenyewe haina mambo mengi. Oga, vaa kilicho bora ulichonacho (si lazima kiwe kipya, jamani, kanzu ya mwaka jana iliyopigwa pasi inatosha), kula tende kwa idadi ya witiri (moja, tatu au tano) kabla ya kutoka, na toka ukileta takbira. Ukiswali uwanjani beba mkeka na mfuko wa nailoni wa kutandika chini yake, kwa sababu ya tope la usiku. Swala haina adhana wala ikama. Rakaa ya kwanza ina takbira saba baada ya ile ya kuhirimia, yaani ya kuanzia swala, ya pili tano, na hotuba inafuata baada ya swala, kwa hiyo usinyanyuke mbio kwenda kugeuza pilau. Wanawake walio kwenye siku zao nao waende, wakae pembeni wasikilize, ni suna. Kurudi pitia njia nyingine. Mimi hutumia njia hiyo ya pili kuwapitia wale ambao hawatapata mgeni, wanafunzi waliobaki geto na yule mlinzi wa zamu.

Watoto wanataka mkono wa Idi, vunja noti zako mapema. Kutembea kwenye bustani za mjini acha kuwe Idi pili, Idi mosi msongamano ni mkubwa na bodaboda wanapandisha bei. Mkienda, andika namba yako ya simu kwenye kikaratasi na ukitie mfukoni mwa kila mtoto.

Na ile sita ya Shawwal, yaani funga za suna za siku sita katika mwezi unaofuata Ramadhani. Si lazima uifululize, na si lazima uanze Idi pili, unaweza kuisambaza Jumatatu na Alhamisi mpaka mwezi uishe. Siku ya Idi yenyewe ni haramu kufunga. Kwa sisi wanawake wenye siku za kulipa, mimi hutanguliza kadha, yaani hizo za kulipa, kisha sita ikipata nafasi. Wapo masheikh wanaoruhusu kutia nia zote mbili kwa pamoja na wapo wanaokataa, basi muulize imamu wa mtaani kwako. Kufikia hapo atakuwa anakujua.