Anemoni ya kwanza kwa mutu wa Goma

Mutu anaona kwenye telefone samaki klauni amelala ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua, kesho yake ananiandikia: yaya, ile kitu inapatikana wapi? Bandugu, kwanza muniulize ni aina gani, juu hizi anemoni hazifanani.

Ya kuanza nayo ni Entacmaea quadricolor, ile ambayo minyiri yake mara nyingi inavimba kama vipira kwenye ncha. Inapenda kuficha mguu ndani ya ufa wa jiwe, inavumilia kuliko zingine, na tena inajigawa yenyewe ndani ya akwariomu, kwa hiyo mutafute ile iliyogawanyika ndani ya akwariomu ya mutu. Ya kung'olewa baharini mara nyingi inafika mguu umechanika, na hapo inaanza kuoza.

Radianthus magnifica ni nzuri, sikatai, lakini inaweza kufika mita moja kwa upana, inataka taa kali na maji yanayosukumwa kwa nguvu, na isiporidhika inatembea. Stichodactyla haddoni, ile ya zulia, inakula samaki wako. Macrodactyla doreensis inataka mchanga mrefu wa kuzamisha mguu. Na ile ya kahawia ndogo inayojiotea kwenye mawe, Aiptasia, usiikate na wembe, kila kipande kinaota upya.

Kama unanunua sababu ya klauni tu, acha. Klauni anaishi vizuri bila anemoni. Ocellaris, ile aina ya klauni yenye watu wengi wanafuga, huko baharini hata haishi na quadricolor, kwenye akwariomu ndio mara nyingi anaikubali, siku zingine anaipita tu kama haioni.

Sasa maji, hapa ndio Goma iko na mambo yake. Maji ya robine yanatoka ziwani, na Kivu iko na magnesi na bikarbonati mingi, kuna wenye wanasema basi tuongeze chumvi tu, si madini iko tayari? Hapana, hayo siyo madini kwa kipimo cha bahari. Mvua nayo, upande wetu moshi wa volkano Nyiragongo unaiachia floridi. Nunua filta ya osmozi, ile inayotoa madini kwenye maji, halafu chumvi ya akwariomu, karibu gramu 35 kwa lita, mpaka kipimo cha uzito wa maji ya chumvi kisome 1.025. Chumvi ya jikoni ni kloridi ya sodi tu, kalsi haina, magnesi haina, usijaribu. Na yale mawe meusi ya volkano ya bure, mi siyaingizi, sijui yatatoa madini gani.

Joto liwe nyuzi 25 au 26, usiku wetu ni wa baridi kwa hiyo shofaji, kile chombo cha kupasha maji, ni lazima. Lakini umeme ukikatika, mi siogopi baridi kwanza wala giza, anemoni inaweza kukaa siku moja bila taa. Naogopa maji kusimama. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, oksijeni hewani ni kidogo kuliko Mombasa, na maji ya chumvi yenye moto yanabeba kidogo zaidi. Pompi ya hewa yenye batri inunuliwe mbele ya anemoni, siyo nyuma. Na akwariomu yenyewe ikae walau miezi 6 ikitulia. Hii sehemu watu wanaruka halafu wanalia.

Siku ya kununua angalia mdomo: ukiwa wazi umelegea, rudi nyumbani. Nyeupe kabisa imepoteza mwani wake wa ndani wenye unailisha. Njano kali ya kushangaza, mara nyingi imepakwa rangi.

Chakula ni kipande kidogo cha kamba wa baharini mara moja kwa wiki. Na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu? Moja haitaiua, lakini ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, asiwe chakula cha kila siku. Mujue pia hii kitu inaishi: kule Edinburgh kulikuwa na anemoni ya aina nyingine, Actinia equina, ilitolewa baharini 1828 ikafa 1887, imepita mikono ya watu kadhaa.

Ikishafika kwako, baada ya Kigali na petite barrière, ule mpaka wetu na Rwanda, iongezee maji yako tone kwa tone kama saa moja, punguza taa, funika midomo ya pompi inapovuta maji na sponji, halafu toa mikono. Itatafuta nafasi yenyewe, na ikijificha nyuma ya jiwe muiache hukohuko.