Maswali na Majibu: Kutengeneza PDF Bila Kununua Programu

Barua zilizofika safari hii kutoka Tabora Mjini, Urambo, Sikonge, Kasulu na Ujiji zinahusu jambo moja: namna ya kupata faili la PDF kutoka kwenye programu za kawaida za kompyuta bila kulipia leseni. Sikuzipanga kwa tarehe zilipofika, kwa sababu baadhi ya majibu yanategemea yaliyotangulia.

Nina steshenari karibu na stendi ya mabasi, Tabora Mjini. Wateja wanaleta barua za kazi na wasifu wao kwenye fleshi, wanataka PDF. Kompyuta moja ina Windows 10, nyingine Windows 7. Fundi ananishauri ninunue Adobe Acrobat, au aniwekee iliyokrekiwa kwa bei ya chini. Nifanyeje?

Ndugu yangu, usinunue, na hiyo iliyokrekiwa usiipokee hata ukipewa bure, kwa maana mashine inayopokea fleshi za mji mzima tayari ina maadui wa kutosha. Ni kweli kwamba kampuni ya Adobe ndiyo iliyoileta PDF mwaka 1993. Hata hivyo, mwaka 2008 muundo huo ulifanywa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na yeyote anaweza kuandika programu inayotengeneza mafaili ya aina hiyo. Acrobat ina kazi zake, hasa kwa mtu anayerekebisha PDF zilizokwisha kutengenezwa na wengine, lakini kuichukua barua ya Word na kuifanya PDF si kazi ya kulipia.

Kwenye Windows 10 kila kitu kipo tayari. Tangu ilipotoka mwaka 2015, imekuja na printa inayoitwa Microsoft Print to PDF. Mteja akifungua barua yake, wewe toa amri ya kuchapa kama kawaida, kisha kwenye orodha ya printa chagua hiyo badala ya printa yako ya mezani; kompyuta itakuuliza jina la faili na mahali pa kulihifadhi, na kazi imekwisha. Ikiwa huioni kwenye orodha, huenda imezimwa, nawe utaiwasha kwenye sehemu ya mipangilio inayohusu vipengele vya ziada vya Windows.

Windows 7 haina printa hiyo. Ina ya XPS, muundo ambao simu nyingi za wateja wako hazitaufungua. Angalia kwanza Word iliyomo ni ya mwaka gani: kuanzia Word 2010, uwezo wa kuhifadhi kama PDF umo ndani yake, na hata ile ya 2007 inao ikiwa ilipata masasisho yaliyotolewa mwaka 2009. Kama haina, njia mbili zinabaki. Ya kwanza ni kuweka LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa, ambayo inafungua mafaili ya Word na kuyatoa kama PDF kwa kubofya mara moja. Fahamu tu kwamba matoleo yake mapya kabisa hayaikubali tena Windows 7, kwa hiyo utachukua toleo la nyuma kutoka kwenye hifadhi ya tovuti yao wenyewe. Ya pili ni kuweka printa ya kubuni, kama vile PDFCreator au CutePDF Writer.

Nieleze kidogo printa hizo zinavyofanya kazi, maana ukiielewa hii utayaelewa na majibu yanayofuata. Programu hiyo hujisajili ndani ya Windows kama printa, ingawa haina wino wala karatasi. Word huituma kurasa kama inavyoituma printa yoyote, bila kujua upande wa pili kuna nini. Kinachotumwa mara nyingi ni PostScript, lugha ya kuzielekeza printa, na hapo ndipo Ghostscript inapoingia: hiyo ni programu huria iliyoanzishwa na L. Peter Deutsch katika miaka ya 1980, nayo huisoma PostScript na kuigeuza PDF. Printa nyingi za kubuni zisizolipiwa zimejengwa juu yake, hata pale jina lake lisipoonekana. Faida yake kubwa ni kwamba programu yoyote yenye amri ya kuchapa, iwe ya uhasibu au ya kuchora ramani, inaweza kutoa PDF kupitia njia hiyo.

Kuhusu Windows 7 yenyewe, Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama Januari 2020. Ningekuwa wewe, mashine hiyo ningeiachia kazi zisizohitaji intaneti.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, Urambo. Taarifa yetu ya mwaka ina yaliyomo mwanzoni, ambayo kwenye Word ukiyabofya yanakupeleka kwenye ukurasa husika. Nikiifanya PDF, hayabofyeki tena. Programu ni mbovu?

Programu ni nzima, Katibu, ila umepita mlango usiofaa kwa kazi hiyo. Bila shaka unatumia printa ya kubuni, na printa hupokea kile tu kinachoweza kuonekana kwenye karatasi: herufi, mistari, picha na rangi. Kiungo cha kubofya si wino, kwa hiyo huachwa nyuma pamoja na vichwa vya habari vinavyojipanga pembeni mwa ukurasa na maelezo ya picha yanayosomwa kwa sauti kwa ajili ya wasioona.

Dawa yake ni kutoa PDF kutoka ndani ya programu yenyewe. Kwenye LibreOffice, amri ya kutoa kama PDF imo katika menyu ya faili, nayo hufungua dirisha lenye machaguo. Hapo utaweka alama kwenye chaguo la kubeba muhtasari wa vichwa. Kwenye Word, unahifadhi kwa jina jipya, unachagua aina ya PDF, kisha unafungua kitufe cha machaguo na kuagiza alama za kurasa zitokane na vichwa vya habari. Sharti ni moja kwa programu zote mbili: vichwa hivyo viwe vimewekwa kwa mitindo ya vichwa, yaani ile ya daraja la kwanza, la pili na kuendelea. Kama ulivikoza na kuvikuza kwa mkono, programu haina namna ya kujua kwamba hivyo ni vichwa, hata vikiwa vikubwa kiasi gani.

Kwa maoni yangu hii ndiyo iwe kanuni ya ofisi yoyote: programu ikiwa na uwezo wake wa kutoa PDF, tumia huo, printa ya kubuni ibaki kwa programu zisizo na uwezo huo. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu tu walianza kujifunza zama ambazo printa ndiyo iliyokuwa njia pekee, ingawa OpenOffice.org, mama yake LibreOffice, ilikuwa na amri hiyo tangu mwaka 2003.

Kikundi chetu cha asali, Sikonge, kinaweka mauzo kwenye lahajedwali. Nikitoa PDF, safu ya jumla inaruka kwenda ukurasa wa peke yake na mnunuzi haelewi chochote.

Lahajedwali halina ukingo, ilhali PDF ina kurasa zenye kipimo, kwa hiyo lazima uiambie programu mwenyewe ni wapi pa kukata. Fanya mambo matatu kabla ya kutoa PDF. Weka ukurasa ulale badala ya kusimama. Hakikisha kipimo ni A4, kwa kuwa kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangiwa Letter, karatasi ya Marekani ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko yetu. Kisha, katika mipangilio ya ukurasa, agiza upana wote uingie kwenye ukurasa mmoja na urefu uachwe uende kurasa utakazohitaji. Usilazimishe vyote viwili viingie kwenye ukurasa mmoja. Nimewahi kuona ankara za namna hiyo, na tarakimu zake zilikuwa za kusomwa kwa kioo cha kukuzia.

Ikiwa pembeni umeandika hesabu zenu za ndani, chagua seli zinazomhusu mnunuzi na uziweke kuwa eneo la kuchapwa, ili nyingine zisitoke. Hilo nimelitaja kwa sababu bei mliyonunulia asali kwa wanachama si habari ya mnunuzi.

Ninafundisha hisabati sekondari, Kasulu. Mtihani niliouandaa nyumbani ukifika kwenye duka la kudurufu, alama za mizizi na sehemu zinageuka vijisanduku. Je, PDF itaniokoa?

Itakuokoa, Mwalimu, ukiitengeneza vizuri. Faili la Word huwa limeandikwa tu jina la fonti. Kompyuta ya dukani isipokuwa nayo, huazima nyingine inayofanana, na fonti ya kuazima isiyo na alama yako ndiyo inayoleta vijisanduku. PDF inaweza kuzibeba herufi zenyewe ndani yake. LibreOffice hufanya hivyo bila kuagizwa, na kwa kawaida hubeba tu zile herufi zilizotumika ili faili lisinenepe.

Ukitaka uhakika zaidi, weka alama kwenye chaguo la PDF/A katika dirisha la kutoa PDF. Huo ni muundo wa kuhifadhi nyaraka kwa miaka mingi, uliotolewa kama kiwango cha ISO mwaka 2005, na unalazimisha kila fonti iwemo ndani ya faili. Kasoro yake kwa mtihani ni kwamba hauruhusu nywila. Baada ya kutoa, fungua sifa za faili kwenye programu ya kusomea na uangalie orodha ya fonti. Kila moja inapaswa kuonyesha kwamba imepachikwa. Fanya hivyo kabla hujapanda bodaboda kwenda dukani.

Kuna chaguo jingine ambalo walimu wachache wanalijua: LibreOffice inaweza kutoa PDF iliyobeba ndani yake faili la asili linaloharirika. Dukani wataiona kama PDF yoyote, nawe mwakani utaifungua kwa LibreOffice na kubadilisha maswali. Usiitumie kwa nyaraka ambazo hutaki wengine wazihariri.

Ninaomba kazi kwa mtandao kutoka Ujiji. Vyeti vyangu nilivyoskani vimekuwa PDF ya MB 9, na mfumo unakataa chochote kinachozidi MB 2. Rafiki ameniambia nitumie tovuti za kupunguza mafaili.

Cheti kilichoskaniwa ni picha, na uzito wa picha unatokana na wingi wa nukta. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi inazaa picha ya nukta 2480 kwa 3508. Kwa nukta 150 kwa inchi inakuwa 1240 kwa 1754, ambayo ni robo ya nukta zile, na maandishi ya cheti bado yanasomeka bila taabu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudia kuskani kwa kipimo cha chini. Kama vyeti hunavyo mkononi, ifungue PDF hiyo kwa LibreOffice Draw, itoe upya, na katika dirisha la machaguo punguza picha hadi nukta 150 kwa inchi na ubora wa JPEG uuweke karibu asilimia 75. Wanaoweza kuandika amri wanaitumia Ghostscript moja kwa moja:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Neno /ebook hapo linaagiza picha zishushwe hadi nukta 150. Neno /screen huzishusha hadi 72, na hapo mihuri huanza kufifia.

Tovuti za kupunguza mafaili zinafanya kazi, sikatai. Lakini cheti chako cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa na saini yako vitakuwa vimesafiri hadi kwenye kompyuta ya watu usiowajua, na bando lako litakuwa limelipia safari ya kwenda na kurudi. Kazi ambayo mashine yako inaweza kuifanya ndani ya chumba chako usiipeleke nje.

Programu za bure zinajiingiza na vitu vingine. Niliweka moja, kivinjari kikabadilika ukurasa wake wa mwanzo. (Tabora)

Hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa visakinishi vya printa za kubuni, hata vya zile zenye majina makubwa: ndani yake uliwekwa upauzana (toolbar) wa kivinjari, na asiyesoma kila dirisha aliukubali bila kujua. Pakua kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, chagua usakinishaji wa hatua kwa hatua, na ondoa alama kwenye kila kitu ambacho hukukiomba.

Tofautisha pia aina za leseni. LibreOffice na Ghostscript ni programu huria, msimbo wake uko wazi kwa yeyote. CutePDF Writer hailipiwi, lakini msimbo wake haujatolewa. Nyingine hazilipiwi kwa matumizi ya nyumbani tu, au kwa idadi fulani ya watumiaji, kwa mfano Bullzip ambayo kwa biashara ina kikomo cha watumiaji 10. Mwenye steshenari asome sharti hilo kabla ya kusakinisha.

Kompyuta yangu haina Windows, ina mfumo wa Ubuntu. Nitumie nini?

Hakuna cha kuongeza. Dirisha la kuchapa lina chaguo la kuchapa kwenye faili, na PDF imo. Kwa kuunganisha mafaili kadhaa kuwa moja, weka PDF Arranger. Wa Windows watumie PDFsam Basic.

Nikiweka nywila, mtu hawezi kunakili taarifa yangu?

PDF ina nywila za aina mbili. Ya kufungulia husimba faili lote, na asiyeijua haoni kitu, mradi nywila iwe ndefu na isiwe jina la mwanao. Ya ruhusa, inayokataza kunakili au kuchapa, ni ombi tu kwa programu ya kusomea: zipo zinazoliheshimu na zipo zisizolijali. LibreOffice inaziweka zote mbili kwenye kichupo cha usalama katika dirisha lilelile la kutoa PDF. Nywila ya kufungulia itume kwa njia tofauti na uliyotumia kutuma faili. Ukilituma kwa barua pepe, nywila itaje kwa simu.