Waranti Yako Haiko Google, Iko kwa Karani

Juma lililopita msomaji mmoja, binti anayetaka kwenda Dubai kikazi, ameniandikia: "Mama, nimeona tovuti ukiandika jina inakuambia kama una waranti ya kukamatwa. Inataka dola. Nilipe?"

Mwanangu, usilipe. Tovuti za namna hiyo nyingi ni za Marekani, ambako baadhi ya masherifu huweka hadharani majina ya wanaotafutwa, na wajanja wakayakusanya wakageuza biashara. Jina lako la Kigisu utalitafuta humo mpaka meno yang'oke. Hapa Uganda hakuna dirisha la umma la kuandika jina ukaletewa waranti zako. Nalijua hilo kwa sababu nilitafuta mwenyewe, usiku, nimejifunika shuka gubigubi na simu mkononi, mwaka ule nilipokuwa natafutwa mimi.

Naam, mimi. Mnaonijua kwa makala za mtaji na mivumba (mitumba), vuteni kiti.

Mtoto wa dada yangu alishikwa kwa kesi ya mali ya wizi, nikaenda kumdhamini. Hakimu akaniuliza kama naielewa kazi ya mdhamini. Nikajibu, "Ndiyo, mheshimiwa," kwa sauti ya mtu mwenye duka. Nikaweka sahihi ya shilingi 2,000,000 zisizo taslimu. Maana yake siku ile hutoi hata senti. Utadaiwa hizo kijana akitoroka. Mimi nilisikia "zisizo taslimu" nikafurahi, basi. Kijana akahudhuria mara mbili, ya tatu akavuka mpaka. Mwezi uleule nikahama Busia kwenda Jinja kufuata wateja wakubwa. Wito wa mahakama ukapelekwa kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, kule nilikohama, naye mzee akautia kwenye droo. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Kisha ikaja simu. Mwanamume mwenye sauti nzito, akajiita afande, akasema waranti yangu iko mezani kwake na nikituma 400,000 ataifuta. Akanitumia na picha ya karatasi kwa WhatsApp. Nilituma pesa kabla chai haijapoa. Leo naiangalia picha ile naona aibu: haina muhuri wa mahakama, haina sahihi ya hakimu, na neno "mahakama" lenyewe limeandikwa vibaya. Waranti ya kweli husainiwa na hakimu au jaji na kupigwa muhuri, na hukaa hai mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Haiozi. Kwa hiyo hakuna askari awezaye kuifuta kwa simu, hata awe na nyota ngapi begani.

Baada ya miezi minne nikakamatwa. Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nikifunga duka, mbele ya wateja. Katiba, ibara ya 23, inasema uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Niliambiwa, kwa Kiswahili safi kabisa. Saa 48 zikaisha Jumapili jioni, mimi nikapelekwa Jumatatu. Wafanyabiashara wenzangu, mkisikia watu wanaogopa Ijumaa, msicheke.

Na kinachoniuma zaidi: kabatini nilikuwa na cheti cha tabia njema cha polisi, nilichokitoa kwa ajili ya zabuni fulani. Hakikukosea kitu. Kilisema sina rekodi ya uhalifu, na kweli sina. Waranti ya mdhamini aliyeitwa asitokee ni habari nyingine. Kwa hiyo wewe wa Dubai, cheti kile kitafute maana utaombwa, ila usikilalie kama mto.

Hakimu alinisikiliza, akaifuta waranti na kunipa muda wa kumtafuta kijana au kulipa. Nililipa. Ya kulipa siyasimulii.

Ila siku ile masjala sitaisahau. Karani alikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada lililochanika, na nyuma yake mafaili yaliyofungwa kwa kamba, mengine yamefika dirishani. Nikamtajia jina langu. Kidole chake kikashuka ukurasa mzima, kikapanda, kikashuka tena. Hakuna. Nikamwambia, jaribu R mahali pa L. Akacheka, kidole kikasimama. Jina langu lilikuwa limeandikwa kama linavyotamkwa sokoni! Hata intaneti ingekuwa na orodha, nisingejipata.

Ndiyo maana nawaambia kila siku: tafuta kwa namba, usitafute kwa jina. Polisi wakikupa bondi, yaani dhamana ya kituoni, karatasi ina namba ya SD (kitabu cha matukio cha kituo) au ya CRB (kitabu cha kesi cha polisi), ipige picha. Mahakamani kesi ina namba yake. Iandike hata ukutani. Ukiwa na namba na jina la mahakama, nenda masjala ya mahakama hiyohiyo, au tuma wakili kama unahofu kutoka humo na pingu. Tovuti ya Mahakama ina orodha za kesi zitakazosikilizwa, na ULII, tovuti ya sheria za Uganda, ina hukumu zilizokwisha kutolewa. Zote zinasaidia kujua faili iko wapi, lakini usitegemee zikuonyeshe waranti. Mfumo wa kielektroniki wa mafaili ya kesi, ECCMIS, ulianza 2022 kwa mahakama chache. Niliyokwenda mimi ilikuwa bado ni kitabu na kamba. Wale wanaonukuu Sheria ya Kupata Habari ya 2005, ile ya kujibiwa kwa siku 21: isomeni mpaka mwisho, kumbukumbu za kesi ambayo haijamalizika hazimo. Hata orodha ya Interpol mtandaoni ni sehemu tu ya wanaotafutwa, na wewe kwa bondi ya kituoni si saizi yao.

Deni nalo linaweza kukufunga. Aliyeshinda kesi ya madai akiomba, mahakama inaweza kutoa waranti ukaletewa dalali wa mahakama. Watu wanajenga nyumba, wananunua gari, na hukumu ya deni wameikalia! Jamani, mnataka kukua kibiashara na bado mnaogopa bahasha? Fungua bahasha. Ukihama mtaa, muage mwenyekiti na umwachie namba ya simu. Ukidhamini mtu, mjue mama yake, mjue na njia anazovukia mpaka. Mimi nilimjua mama yake, ni dada yangu wa tumbo moja, na haikusaidia.

Binti, umesema uliwahi kutolewa kwa bondi Mbale ukaacha kuripoti. Anzia kituo kilichokupa bondi, uliza faili yako imefika wapi: imefungwa, au imepelekwa mahakamani. Usiende peke yako. Kama huna pesa ya wakili, waone FIDA, chama cha wanasheria wanawake, au Justice Centres, vituo vya msaada wa kisheria, wanasaidia bure. Atakayekuomba hela ya kufungua kitabu, muombe risiti. Beba kitambulisho, nakala ya bondi, na kalamu yako. Ya masjala imefungwa kwa uzi na haiandiki.