Mama Akitoroka, Mtoto Hulinda Mlango

Safu ya malezi: maswali ya wasomaji

SWALI: Tuna kituo cha kulelea watoto mchana. Korosho zikianza kuanguka, kina mama huenda mashambani alfajiri, nasi tunapokea watoto wapya kwa mkupuo. Walezi tuko 3, watoto 18, wadogo kabisa wana miezi 7. Huwa tunamwambia mama atoroke mtoto akiwa anacheza ili asilie. Vilio havipungui, na mmoja wa miezi 11, hii ni wiki ya tatu, uji hataki kabisa. Tunakosea wapi?
Mlezi, Tandahimba

JIBU: Dada mlezi, kosa liko hapo mlangoni. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto anamjua mama yake na anamjua mgeni, lakini bado hana uhakika kwamba aliyeondoka atarudi. Hofu hiyo hupanda zaidi kati ya miezi 10 na 18, na huyo wenu yuko katikati yake. Mama akipotea wakati mtoto anacheza, mtoto anajifunza kwamba ukizama kwenye mchezo unampoteza mama. Mtazameni akiwa mkekani: anagonga kopo mara mbili tatu, anageuza shingo kuangalia mlango, anagonga tena, anageuka tena. Mtoto wa namna hiyo yuko zamu ya ulinzi. Chakula hakishuki na usingizi wake ni wa kushtukashtuka.

Mama aage. Achuchumae alingane na uso wa mtoto, aseme maneno yale yale kila siku: “Mama anakwenda shamba. Ukiamka usingizi, mama anakuja.” Saa hazina maana kwake, ila kula na kulala anavijua, basi ahadi ifungwe kwenye vitu hivyo. Kisha amkabidhi mikononi mwa mlezi, asimweke chini, aondoke bila kurudi kuchungulia dirishani. Dakika 2 zinatosha. Mtoto atalia, na kilio hicho ni haki yake. Mlezi ambebe na kumwambia, “Umemkumbuka mama. Atakuja.” Msimwambie “mama yupo hapo nje” wakati hayupo. Akigundua uongo, mtakuwa mmepoteza imani yake kwa mama na kwenu pia.

La pili ni mikono. Kama kila mlezi anamshika kila mtoto, mtoto mdogo hana mtu wake. Gawaneni kwa majina: kila mlezi awe na watoto 6 ambao yeye ndiye huwapokea asubuhi, huwalisha, huwabadilisha nepi, huwalaza na kuwarudisha kwa mama zao. Tuseme wazi kwamba 6 ni wengi. Kwa watoto wasiofikisha mwaka, inashauriwa mlezi asizidishe 3 au 4. Kwa hiyo wachanga wasambazeni, asiwepo mlezi mwenye zaidi ya 2, na kila mtoto azoeshwe mlezi wa akiba kwa siku mlezi wake akiugua.

Mtoto mpya aingie taratibu. Siku ya kwanza na ya pili mama akae naye saa moja, na siku ya pili mlezi ndiye amlishe, mama akiwa karibu. Siku ya tatu mama aage, atoke dakika 20, arudi. Ya nne saa moja, ya tano nusu siku. Mlezi akimbembeleza robo saa nzima na bado hatulii, rudini hatua moja nyuma. Tunajua msimu haumsubiri mtu, kwa hiyo waiteni kina mama waje kuzoesha watoto wiki mbili kabla ya korosho kuanza.

Mwombeni mama aache kanga aliyoivaa, isiyofuliwa. Harufu yake hutuliza. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka apewe akiwa macho na mlezi akiwa naye, asilazwe nayo, isije ikamziba pumzi. Kama nyumbani wanasema Kimakonde, andikeni maneno ya mtoto ya maji, kulala na kubebwa. Mtoto asiyeeleweka hulia kama asiyesikilizwa.

Mtoto aliyeshinda vizuri akaangua kilio mama alipotokea hajateswa. Alijizuia kutwa nzima, sasa amefika kwa wake. Mwelezeni mama hivyo, asiondoke na dukuduku.

SWALI: Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 8. Kituoni anawauma wenzake, wakaniambia nami nimng’ate ili ajue uchungu.
Mama, Lindi mjini

JIBU: Usimng’ate, mama. Atajifunza kwamba mkubwa huuma mdogo. Umri huo hasira imeshafika ila maneno bado, na meno ya nyuma nayo yanaweza kuwa yanawasha. Mlezi aanze na aliyeumwa: aoshe kwa maji na sabuni, na ngozi ikichubuka ampeleke kituo cha afya. Kisha amshike mikono aliyeuma na aseme kwa sauti ya chini, “Hapana. Kuuma kunaumiza,” basi. Hotuba ndefu haimfikii.

Dawa yenyewe iko kwenye daftari. Kwa siku 5 mlezi aandike kila tukio: saa ngapi, wapi, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia. Ikionekana ni saa 4 kila siku kabla ya uji, ni njaa. Uji usogezwe mbele. Ikiwa ni pale penye mpira mmoja, wekeni makopo 3 yanayofanana badala ya mpira mmoja mzuri, kwani umri huu hawajui kupokezana. Na afundishwe neno moja la kusema badala ya meno: “Changu!”

SWALI: Mjukuu wangu ana miezi 5. Nikimbeba kila akilia, hatazoea mikono?
Bibi, Mikindani

JIBU: Mbebe, bibi. Miezi 5 hajui hila. Analia kwa sababu anahitaji. Anayeitikiwa mapema hujenga imani na taratibu hujifunza kujituliza. Zaidi ya kilio, angalia haya: akifika mwaka haitiki jina lake, au miezi 18 haonyeshi kitu kwa kidole, au ameacha alichokuwa anakiweza, mpelekeni kliniki, na muombe apimwe masikio kwanza.